Nyota tano mlangoni, ukungu chumbani: tathmini ya hoteli ya kifahari ya ufukweni

Ukumbi wa mapokezi wa hoteli hii ni mzuri kweli. Paa liko juu, upepo wa bahari unapita moja kwa moja hadi bustanini, sakafu ya mawe imesuguliwa ikang'aa, na kinywaji baridi kinakufikia mkononi kabla mizigo haijashushwa. Bwawa kuu lina ukingo unaofurika, kiasi kwamba ukilitazama ukiwa mezani unaona maji yake yanaungana na bahari. Kila kitu kinachoingia kwenye picha kimegharamiwa. Kisichoingia kwenye picha, yaani pampu, mabomba, mifereji, vichujio na akiba ya shuka, kimeachwa kichakae, na hicho ndicho kinachoamua kama mgeni atalala, ataoga na kula vizuri. Kwa bei wanayotoza, hilo halisameheki.

Jina la hoteli halitajwi hapa. Kasoro zake ni zile zile za hoteli nyingi za ufukweni zilizozeeka bila matunzo, na kinachomfaa msomaji ni kuzijua dalili zake, kujua zinaletwa na nini, na kutofautisha inayomalizwa na fundi ndani ya saa moja na ile inayotaka kuhama chumba.

Nyota za mlangoni zisikutulize. Hakuna mfumo mmoja wa dunia nzima wa kupanga madaraja ya hoteli. Kila nchi ina vigezo vyake, na hata Ulaya muungano wa Hotelstars Union ulioanza 2009 unahusisha baadhi tu ya nchi. Kwa sehemu kubwa vigezo hivyo vinahesabu vitu: lifti ipo, mapokezi ya saa 24 yapo, sefu ipo chumbani. Havisemi mengi kuhusu mpira wa mlango wa roshani uliokauka au bomba la kiyoyozi lililoziba. Hoteli inaweza kupata nyota zake kihalali kabisa siku ya ukaguzi, kisha hewa ya chumvi ikaitafuna miaka kadhaa na kibao cha mlangoni kikabaki vile vile.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza kwenye kukabidhiwa chumba. Muda uliotangazwa ni saa 9 alasiri; vyumba vingi vilikuwa tayari saa 11 jioni. Mapokezi walisema hoteli imejaa. Hiyo si sababu, maana hoteli inajua siku nyingi kabla ni wangapi wanaondoka na wangapi wanaingia. Sababu ilionekana kwenye korido: vitanda vimevuliwa, wahudumu wamesimama na toroli zao, shuka hakuna. Kawaida ya hoteli ni kuwa na angalau seti 3 za shuka na taulo kwa kila kitanda, moja ikiwa kitandani, moja kwa dobi na moja stoo. Za ufukweni zinahitaji hata zaidi, kwa kuwa mchanga, mafuta ya kujikinga na jua na maji ya chumvi vinamaliza taulo haraka. Yenye seti 2 inakwenda vizuri siku tulivu, ila siku ya wageni wengi kupishana, kazi nzima inasubiri mashine ya kukaushia. Dalili yake unaishika kwa mkono: shuka zilizotandikwa zilikuwa bado na uvuguvugu, na pindo za taulo nene zilikuwa na majimaji. Taulo iliyokunjwa na unyevu kidogo tu inanuka kesho yake, na hakuna manukato yanayoiondoa harufu hiyo.

Lawama hii isiwaangukie wahudumu wa vyumba. Zamu ya saa 8 yenye vyumba 14 hadi 16 inampa mhudumu karibu nusu saa kwa chumba, na chumba cha ufukweni kina mchanga kwenye reli ya mlango wa roshani, chini ya kitanda na kwenye kona zote za bafu. Walifanya kazi kwa bidii na adabu kuliko mwajiri wao anavyostahili. Uchafu uliobaki ulikuwa mahali ambapo nusu saa haifiki: kwenye grili ya kiyoyozi, nyuma ya choo, kwenye mpira wa kioo cha bafu.

Ukilazimisha kupata chumba mapema, unaweza kupewa kilichokaa wazi siku kadhaa, na chumba cha namna hiyo kinahitaji mambo mawili bafuni kabla hujafungua sanduku.

La kwanza ni harufu. Chini ya kila tundu la sakafu kuna kona ya bomba inayoshika maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya maji taka isipande. Chumba kisipotumika maji yanakauka, na ukifungua mlango unapokewa na harufu ya shimo hata kama vigae vinang'aa. Mimina lita 1 ya maji kwenye tundu la sakafu, nusu lita kwenye sinki, vuta maji ya choo, washa feni na usubiri dakika 15. Harufu ikiisha, tatizo lilikuwa hilo tu. Ikirudi, basi mpira wa chini ya choo umekwisha au bomba la kupumulia lililo juu ya paa limeziba, na maji ya ndoo hayatasaidia. Omba chumba cha upande mwingine wa jengo badala ya ghorofa nyingine, kwa sababu vyumba vilivyo juu na chini ya hicho kwa kawaida vinatumia bomba lile lile.

La pili ni zito zaidi. Maji yaliyolala bombani yakiwa na joto la kati ya nyuzi 20 na 45 yanakuza bakteria wa Legionella, ambao huingia mapafuni kupitia matone madogo ya bomba la mvua. Ugonjwa wa mapafu wanaousababisha ulijulikana 1976, baada ya wajumbe wa mkutano wa American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani wa Marekani, kuugua katika hoteli moja ya Philadelphia, na wengine kufa. Mafundi wa hoteli wanaijua kanuni: maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60, yafike kwenye koki yakiwa na nyuzi 50 au zaidi, na koki za vyumba visivyokaliwa zifunguliwe walau mara moja kwa wiki. Hapa maji ya moto yalichukua dakika kadhaa kufika, na hata kwenye koki ya sinki, isiyo na kizuia joto, asubuhi na mapema yalikuwa vuguvugu tu. Kufikia saa 3 asubuhi yalikuwa ya moto wa kutosha. Mwenendo huo una maelezo yanayojulikana: pampu inayozungusha maji ya moto kwenye mabomba inazimwa usiku ili kubana umeme. Pampu yenyewe ni ndogo na umeme inaotumia ni mdogo. Kinachopotea ni maji mengi yanayomwagwa na kila mgeni anayesubiri, pamoja na usalama wa maji hayo.

Kwa hiyo ukiingia chumbani, lingine lolote lisubiri. Laza kichwa cha bomba la mvua chini karibu na tundu ili matone yasiruke, fungua maji ya moto dakika 5, kisha ya baridi, na wewe ukae nje ya bafu mlango ukiwa umefungwa. Wazee, wavutaji wa sigara na wenye maradhi ya mapafu wasiiruke hatua hii katika hoteli yoyote, iwe na nyota ngapi.

Kilichoharibu zaidi ukaaji, hata hivyo, ni unyevu. Kiyoyozi kilishusha joto hadi nyuzi 18 kwa dakika chache, na bado shuka zilinata, karatasi za mezani zililegea, na kabati lilinuka kama ghala la magunia mabichi. Wengi wakifika hapo hushusha joto zaidi, na ndipo wanapoliongeza tatizo. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kuipitisha kwenye mabomba ya baridi mpaka mvuke ugeuke maji na kutiririka nje, na kazi hiyo inataka muda. Mashine kubwa kupita kiasi inapoza chumba haraka, inajizima kabla haijakausha hewa, kisha feni ikiendelea kuzunguka inakirudishia chumba maji yaliyobaki kwenye mapezi yake. Chumba cha mita za mraba 30 hivi kwa kawaida kinatoshwa na mashine ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 12,000 hadi 18,000, kutegemea ukubwa wa vioo na jua linalokipiga. Hapa zimefungwa za 24,000.

Juu ya hilo kuna kadi ya mlango. Ukiitoa kwenye kishikio chake umeme wote unakatika, kiyoyozi pamoja nao. Kubana umeme ni jambo jema, lakini karibu na bahari chumba kilichozimwa kutwa nzima kinajaa unyevu, na ukizidi asilimia 60 hadi 65 kwa muda mrefu ukungu unaota kwenye mikoba ya ngozi, kwenye samani za maranda na nyuma ya mapazia. Mfumo ulioundwa vizuri haukizimi kiyoyozi mgeni akitoka. Unapandisha joto hadi nyuzi 26 au 27 na kuendelea kukausha taratibu. Mahali pasipo na mfumo huo, omba kadi ya pili ya kuacha kwenye kishikio. Weka nyuzi 24 au 25, chagua hali ya kukausha yenye alama ya tone la maji, na feni iache ijipange yenyewe badala ya kuifungia izunguke muda wote. Mlango wa roshani uwe umefungwa kabisa. Vyumba vingi vina swichi ndogo ya sumaku kwenye fremu inayozima kiyoyozi mlango ukiwa wazi, na ikishika kutu inakizima hata ukiwa umefungwa. Swichi ya chumba hiki ilikuwa imekufa hivyo hivyo. Fundi alipofika aliibadilisha kwa dakika 10, na hapo ndipo unapojiuliza mgeni aliyetangulia aliambiwa nini.

Kipima unyevu cha kidijitali ni kitu kidogo cha kuingia mfukoni, na kinamaliza ubishi kuliko maneno. Kilisoma asilimia 78 jioni baada ya chumba kufungwa kutwa, na 57 asubuhi baada ya usiku mmoja wa nyuzi 24 kwenye hali ya kukausha. Ukimwonyesha meneja wa zamu namba hizo, hawezi kukujibu kwamba "ndiyo hali ya hewa ya baharini".

Maji yanayotolewa hewani na kiyoyozi si machache; kwenye hewa yenye unyevu mwingi yanafika lita 1 hadi 2 kwa saa. Yanapita kwenye bomba jembamba linalozibwa na ute, na likiziba yanatafuta njia kupitia dari. Tafuta duara la kahawia karibu na grili. Hapa lilikuwa limepakwa rangi juu, na rangi ilishaanza kuvimba tena. Vidoadoa vyeusi kwenye vibao vya grili ni ukungu unaopuliziwa usoni mwako usiku kucha. Kuosha kichujio ni kazi ya dakika chache na mgeni ana haki ya kuiomba, lakini vidoadoa vikiwa ndani, kwenye gurudumu la feni, mashine inabidi ifunguliwe, na haifunguliwi ukiwa umelala mle. Hama. Kagua pia chini ya sinki: ubao wa maranda uliovimba na kuachana na gundi ni ushahidi kwamba maji yamevuja muda mrefu. Ni lazima isemwe pia kwamba zulia halina kazi kwenye chumba cha ufukweni. Linashika mchanga, chumvi na maji ya miguu, na chumvi yenyewe inavuta unyevu wa hewa. Vigae na mkeka mdogo wa kufua vinatosha.

Kwenye roshani, nguzo za chuma kisichoshika kutu zilikuwa na michirizi ya kahawia. Daraja la kawaida la chuma hicho, 304, halihimili hewa ya chumvi ya bahari. Kinachofaa ni 316, chenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hata hicho kinataka kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Michirizi peke yake ni ubaya wa sura. Kinachopaswa kukutoa hapo ni nguzo inayocheza ukiisukuma kwa kiganja, au zege lililobanduka chini ya roshani ya juu na nondo kuonekana. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasua zege kutoka ndani, na kinachoonekana nje ni sehemu ndogo ya kilichoharibika. Roshani mbili za jengo la kusini zilikuwa katika hali hiyo na vyumba vyake vilikuwa vinauzwa. Hakuna kasoro nyingine ya hoteli hii inayostahili hasira kuliko hiyo.

Usiku palikuwa na muziki ufukweni hadi saa 6. Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya 1999 lilipendekeza kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30. Sauti nzito za besi zinapita kwenye kioo na ukuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo pamba za masikio zinapunguza maneno ya wimbo na kukuachia mdundo. Dawa ni kuchagua chumba mapema. Fungua picha za setilaiti za hoteli kabla ya kulipa, utafute jukwaa, jenereta, jiko, dobi na barabara ya malori ya mizigo, kisha uandike kwa jina jengo unalotaka na usilotaka. Kataa chumba chenye mlango wa kuunganisha na cha jirani, isipokuwa ni familia yako. Kunguni hawakuwepo, na hilo tunawapa haki yao. Kwa kawaida mahali pa kuwatafuta ni mishono ya kona za godoro upande wa kichwani na nyuma ya ubao wa kichwa, ambako huacha vidoti vyeusi.

Aina ya chumba nayo isomwe kwa makini. "Mandhari ya bahari" katika hoteli hii ni kipande cha bluu kati ya jengo na mti, ukisimama kwenye kona ya roshani. Chumba kinachoielekea bahari chenyewe kinauzwa kwa daraja la juu yake. Uliza swali moja kwa barua pepe: je, bahari inaonekana mtu akiwa amelala kitandani? Jibu lao lihifadhi.

Bahari yenyewe ni nzuri, ila siyo ile ya tangazo. Kwenye picha maji yamejaa hadi ngazi za mgahawa. Ni picha za kweli zilizopigwa saa ya maji kujaa. Ufukwe wa hapa ni bapa wenye miamba, na yakipwa, anayetaka kuogelea anatembea mamia ya mita juu ya mawe na mwani. Penye kupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kujaa ni takriban saa 12 na dakika 25, hivyo saa zinasogea mbele kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa mbali sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Kwa mahali pamoja, maji makuu ya bamvua hurudi karibu saa zile zile kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo jedwali la maji linakuonyesha miezi kadhaa kabla ni wiki ipi utaogelea mchana na ipi utatazama miamba. Hoteli inalo jedwali hilo. Linabandikwa kwa mtumishi wa boti, mgeni anayeweka nafasi haonyeshwi. Kwenye bahari zilizofungika, kama Mediterania, jambo hili karibu halipo, ndiyo maana waliozoea huko ndio wanaoshtuka zaidi.

Mchanga nao unapungua, na hoteli imechangia. Ukuta wa mawe uliojengwa kulinda mgahawa unayarudisha mawimbi kwa nguvu, yakachimba mchanga ulio mbele yake. Saa za maji kujaa hapakuwa na ufukwe hata kidogo mbele ya jengo kuu, na vitanda vya jua vilipandishwa kwenye nyasi, vikabanana.

Mlinzi wa waogeleaji alikuwepo hadi saa 11 jioni, makini, na bendera zake zilibadilishwa kwa wakati. Nyekundu ni marufuku kuogelea, nyekundu juu ya njano inaonyesha eneo linalolindwa, na zambarau inaonya kuhusu viumbe kama konyeza. Huyo ni mtu ambaye hoteli inapaswa kumwongezea mwenzake. Hoteli ikijivunia bendera ya Blue Flag, mpango wa kutambua fukwe safi ulioanzia Ufaransa 1985, omba matokeo ya vipimo vya maji vya msimu huu: kikomo chake kwa bakteria wa kinyesi ni E. coli 250 na enterokoki 100 kwa kila mililita 100 za maji. Hapa karatasi iliyokuwa ubaoni ilikuwa ya msimu uliopita.

Bwawa linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndilo linalouzwa. Maji ya bwawa yanatakiwa kuwa na klorini huru miligramu 1 hadi 3 kwa lita na pH (kipimo cha uchachu) ya 7.2 hadi 7.8. Karatasi za kupimia, zinazopatikana kwa urahisi, zilionyesha asubuhi miligramu 2, hali nzuri kabisa. Jioni, baada ya siku ya wageni wengi, zilionyesha chini ya 0.5, na harufu kali ilikuwa imetanda. Wageni wengi huisikia harufu hiyo wakasema klorini imezidi. Mara nyingi ni kinyume chake: klorini imekwisha kazi, imeungana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi, na kuzaa kloramini, ambazo ndizo zinazonuka na kuwasha macho. Chanzo kilikuwa wazi. Mabomba ya kujisuuza kando ya bwawa hayakuwa na maji, na klorini ilitiwa kwa mkono asubuhi tu, kwa kuwa mashine ya kuitia yenyewe imeharibika. Bwawa la watoto, lenye maji machache na ya joto, linahitaji kuchujwa lote kwa saa 1 au 2. Hapa lilitumia pampu moja na la wakubwa. Ukingo unaofurika nao ulisimama kufurika kila usiku, ishara kwamba pampu inazimwa, wakati uchujaji unapaswa kuendelea hata bwawa likiwa halina waogeleaji. Kabla ya kumwachia mtoto aingie, simama ukingoni utafute kifuniko cha tundu la chini. Usipokiona vizuri, maji hayafai, kwa usafi na kwa uokoaji pia.

Bafe ilikuwa nono siku ya kwanza, na kadiri ulivyozidi kuizoea ndivyo ulivyoziona njia zake za mkato. Chakula cha moto kinapaswa kukaa juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Sahani za kupashia zilikuwa na maji ya moto chini yake, lakini vifuniko viliachwa wazi, na chakula cha juu kilipoa. Kosa baya zaidi lilikuwa kumwaga chakula kipya juu ya cha zamani kwenye sahani ile ile. Cha chini hakijulikani kimekaa tangu saa ngapi. Wali uliokaa hivyo ni hatari ya kweli, kwa kuwa mbegu za bakteria wa Bacillus cereus hustahimili kupikwa na sumu yake ya kutapisha haiharibiwi kwa kupashwa moto tena. Samaki wa jamii ya jodari walioachwa bila baridi tangu kuvuliwa hujenga histamini, ambayo nayo haiondoki kwa moto: uso unawaka, kichwa kinauma, ndani ya dakika chache hadi saa moja. Samaki akikuwasha ulimi kwa ladha kama ya pilipili isiyokuwepo, acha hapo hapo. Kula bafe inapofunguliwa, na pendelea meza ambako mpishi anakupikia ukiona. Hapa mpishi wa mayai na yule wa samaki wa kuchoma walikuwa hodari, na milo yao ilikuwa bora kuliko kila kilichokaa kwenye foleni ya sahani.

Waifai, kwa kifupi: kifaa kimoja kwenye korido kwa vyumba vingi, kuta za zege, mawimbi hafifu kitandani. Mlangoni inashika.

Linabaki suala la ankara. Bei ya kuweka nafasi haikuonyesha ada ya kila siku ya "huduma za mapumziko", iliyojumuisha bwawa, taulo za ufukweni na waifai, mambo ambayo mgeni anadhani ameshayalipia. Marekani imewalazimisha wenye hoteli tangu Mei 2025 kutangaza bei kamili yenye ada za lazima ndani yake. Kwingineko uliza kwa maandishi jumla ya mwisho kabla ya kulipa. Dhamana wanayoishikilia mapokezi itoe kwenye kadi ya mkopo. Kwenye kadi ya benki ya kawaida ni fedha yako mwenyewe inayofungwa, na kurudi kwake kunaweza kuchukua wiki 1 au 2 baada ya kuondoka. Mashine ya malipo ikikuuliza kama utozwe kwa fedha ya nyumbani kwako, chagua fedha ya nchi ilipo hoteli, la sivyo mwenye mashine ndiye anayekupangia kiwango cha kubadilisha. Friji ndogo ya chumbani ina vihisio: kuinua chupa ili uweke maji yako kulitosha kuandikwa kama umeinywa, na ilibidi kudai ifutwe.

Malalamiko yatoe siku ile ile, kwa maandishi, yakiwa na picha zenye saa, na useme unataka nini: kurekebishiwa, kuhamishwa au kupunguziwa. Kwa safari za kifurushi zilizonunuliwa Umoja wa Ulaya, maelekezo ya 2015/2302 yanamtaka msafiri aarifu kasoro bila kuchelewa, na hoteli yoyote itakuuliza kwa nini hukusema mapema ukisubiri hadi siku ya kuondoka. Hoteli hii ilitoa kwanza chakula cha jioni cha bure, na karatasi ya kusaini iliyosema dai limekwisha. Chakula kipokee ukitaka, karatasi usiisaini. Baada ya picha za grili, vipimo vya unyevu na barua pepe kuhusu mandhari ya bahari kuwekwa mezani pamoja, meneja aliondoa ada yote ya mapumziko na kurudisha tofauti ya daraja la chumba. Kuhusu roshani za jengo la kusini alisema zimo kwenye mpango wa matengenezo. Vyumba vyake vilikuwa bado vinauzwa siku hiyo hiyo.